Kadi 366 za "Siku Kama ya Leo": shajara ya mradi, wiki ya 1 hadi ya 9

Kinachotengenezwa ni seti ya kadi 366 za chemshabongo, kila siku ya mwaka na kadi yake, 29 Februari ikiwemo. Mbele kuna swali, nyuma kuna jibu na sentensi mbili tatu za maelezo. Masharti ni mawili: tukio liwe limetokea kweli tarehe hiyo, na jibu limfanye msomaji aseme "acha wewe!" Sharti la pili ndilo jepesi, maana historia imejaa vituko. Jasho lote limetoka kwenye la kwanza, kwa hiyo sehemu kubwa ya shajara hii ni habari za tarehe.

Wiki ya 1. Jedwali (kadi 0)

Tulianza kwa Excel na matukio 40 ya majaribio, na kabla ya la 41 ikabidi turudi nyuma. Excel haizijui tarehe zilizotangulia 1 Januari 1900. Ukiandika 26/4/1964 inaigeuza namba ya tarehe. Ukiandika 27/8/1896 inaiacha kama maandishi matupu. Ukiiamuru ipange kwa tarehe, karne nzima ya 19 inajirundika mwisho, chini ya mwaka 2000, na Vasco da Gama yumo humo humo.

Hilo angalau linaonekana kwa macho. Baya ni lile la kimyakimya. Kompyuta iliyowekwa mpangilio wa Marekani husoma mwezi kwanza, hivyo 7/8/1998 uliyoiandika ukimaanisha 7 Agosti inakuwa 8 Julai bila onyo lolote. Tarehe zenye siku kuanzia 13 kwenda juu haziwezi kupinduka, kwa kuwa hakuna mwezi wa 13, ndiyo maana ukipitisha jicho juujuu unaona mambo ni shwari. Zilizo hatarini ni siku 132 za mwaka: zote za tarehe 1 hadi 12, ukitoa zile 12 ambazo siku na mwezi vinalingana, kama 7/7 na 8/8.

Kuna na la tatu: Excel inaamini kulikuwa na 29 Februari 1900. Haikuwapo. Mwaka wa mia ni mrefu pale tu unapogawanyika kwa 400, na 1900 haugawanyiki. Kosa hilo lilirithiwa makusudi kutoka programu ya zamani, Lotus 1-2-3, ili mafaili yasomeke pande zote. Athari yake kwetu ni ndogo, kwani siku za wiki za Januari na Februari 1900 tu ndizo zinazotoka vibaya.

Dawa: usitumie kabisa seli za tarehe. Weka safu tatu za namba za kawaida, mwaka, mwezi na siku, kisha safu ya nne itengeneze ufunguo wa tarakimu nne, mwezi ukitangulia:

=TEXT(C2,"00")&TEXT(D2,"00")

Hapo C ni mwezi na D ni siku. Kwenye kompyuta zinazotumia mkato kama nukta ya desimali, weka nukta-mkato badala ya mkato. Vita vya Zanzibar vinapata 0827, Muungano 0426, na kila kitu kinapangika kwa mwaka wa kalenda, tukio liwe la 1498 au la 2021. Tangu hapa kadi zinaitwa kwa funguo hizo.

Safu nyingine ni mahali, kalenda iliyotumika, saa ya mahali, swali, jibu, maelezo, chanzo cha kwanza, chanzo cha pili na daraja. Daraja A ni tarehe iliyoandikwa na mtu au ofisi iliyokuwapo siku ile, ikithibitishwa na chanzo kingine kisichonakili cha kwanza. B ni vyanzo viwili vya baadaye vinavyokubaliana. C ni chanzo kimoja, au viwili vinavyogombana. C haiingii kwenye kadi. Kurasa kumi za intaneti zenye sentensi ileile, hadi koma zake, zinahesabiwa chanzo kimoja.

Wiki ya 2. Nafasi tupu (kadi 61)

Mpango ulikuwa kukusanya matukio mazuri na kuacha siku zijae zenyewe. Hesabu inakataa. Ukidondosha matukio 366 ovyo juu ya siku 366, siku kama 135 zinabaki tupu. Ukifikisha 1,000 bado siku 24 hivi hazina kitu. Ili zijae zote kwa bahati tu unahitaji matukio yapatayo 2,370. Na historia haidondoki ovyo: inajazana. 1 Julai peke yake ina mkataba wa Heligoland na Zanzibar wa 1890, kuungana kwa Somalia mbili 1960, na uhuru wa Rwanda na wa Burundi, nchi mbili kwa siku moja, 1962. Desemba nayo ina tarehe 9 (Tanganyika, 1961), 10 (Zanzibar, 1963) na 12 (Kenya, 1963).

Kwa 0701 tulichagua mkataba wa 1890, kwa sababu jina lake lenyewe ni mtego. Watu huamini Ujerumani iliitoa Zanzibar ikapewa kisiwa cha Heligoland. Ujerumani haikuwahi kuimiliki Zanzibar; ilichofanya ni kukubali kuiachia Uingereza mkono huko, na kujitoa Witu, pwani ya Kenya ya leo. Mengine ya siku hiyo yamekwenda kwenye karatasi ya akiba.

Ushauri kwa atakayefuata: kusanya kwa mada hadi matukio kama mia tano, kisha geuza njia. Chukua siku tupu moja moja na utafute magazeti ya zamani ya tarehe hiyo na ya kesho yake.

Njia ya mkato ipo na inavutia. Uingereza ilipohamia kalenda ya Gregori, hii tunayoitumia leo, 2 Septemba 1752 ilifuatwa na 14 Septemba. Kwa hiyo swali "Nini kilitokea London tarehe 8 Septemba 1752?" lina jibu safi: hakuna, siku hiyo haikuwapo. Ukitaka unaweza kujaza siku 11 namna hiyo, na nyingine 10 kwa Oktoba 1582 kule Roma, ambako tarehe 4 ilifuatwa na 15. Tumejiruhusu mara moja tu, kadi 0908. Mara ya pili ingekuwa uvivu.

Wiki ya 3. Kalenda mbili pwani moja (kadi 104)

Kanuni iliyopitishwa: tarehe ni ile iliyotumika mahali pa tukio siku ya tukio, bila kugeuzwa, na safu ya kalenda inasema ni ipi. Ukianza kugeuza baadhi na kuacha nyingine, hutajua tena ulichogeuza.

Mfano mzuri uko hapa nyumbani. Vasco da Gama alitia nanga Malindi 14 Aprili 1498. Hiyo ni kalenda ya Juliasi, iliyotangulia ya Gregori, kwa sababu ile ya Gregori ilikuwa bado miaka 84. Jiwe la msingi la Ngome ya Yesu, Mombasa, liliwekwa 11 Aprili 1593, na ngome ikaangukia mikononi mwa Waomani 13 Desemba 1698 baada ya kuzingirwa tangu 13 Machi 1696, miezi 33. Hizo ni za Gregori, kwa kuwa Ureno ilihama mwaka ule ule wa 1582. Wareno wale wale, pwani ile ile, kalenda mbili. Anayeongeza siku kwa kila tarehe ya Wareno "ili kusahihisha" anaharibu tatu katika nne.

Tofauti ya kuongeza ili Juliasi iwe Gregori, pale inapohitajika: siku 9 kwa miaka ya 1400, siku 10 kutoka Machi 1500 hadi Februari 1700, kisha 11, 12 na 13 kwa kila karne inayofuata. Ile ya 13 ndiyo inayotumika hadi 2100.

Njia ya kukagua tarehe ya Juliasi ni kuitafutia Pasaka. Shajara ya safari ya da Gama inasema walifika Malindi jua likichwa, na kesho yake ni Jumapili ya Pasaka. Pasaka ya 1498 kwa kalenda ya Juliasi ni 15 Aprili. Inakaa sawasawa, kwa hiyo 14 Aprili imepewa A.

Kadi zilizotoka kwenye mvutano huu ni miongoni mwa zilizo nzuri kuliko zote:

0423: Shakespeare na Cervantes wameandikiwa tarehe moja ya kifo, 23 Aprili 1616. Je, walikufa siku moja? Hapana. Hispania ilikuwa kwenye Gregori na Uingereza kwenye Juliasi, hivyo siku ya Shakespeare ilikuja siku kumi baadaye. Juu ya hayo, 23 ya Cervantes inaelekea kuwa siku ya maziko. Alifariki jana yake.

1025: Mapinduzi ya Oktoba ya Urusi, 1917. Yaliadhimishwa mwezi gani? Novemba, tarehe 7. Urusi ilihama mwaka uliofuata, ambapo 31 Januari 1918 ilifuatwa na 14 Februari.

0229: Columbus amekwama Jamaica, wenyeji wamechoka kumlisha. Ana kitabu cha nyota kinachosema mwezi utapatwa usiku wa 29 Februari 1504, akawatisha kwamba Mungu atauzima. Ukapatwa, chakula kikarudi. Kwa Gregori ni 10 Machi, lakini kwa kanuni yetu inabaki 29 Februari. Hatukusikitika, maana siku hiyo haina matukio mengi ya kuchagua.

Wiki ya 4. Siku inaanza saa ngapi? (kadi 152)

Jedwali lote lilipitiwa upya kwa ajili ya swali hili.

Kwanza saa zetu. Kugeuza ni kutoa au kuongeza sita: 9:02 ya Kizungu ni saa 3:02 asubuhi. Hapo hapana shida. Shida ni usiku. Kwa hesabu ya Kiislamu na ya wazee wa pwani siku mpya huingia na magharibi, kwa hiyo "usiku wa Ijumaa" kwa mmoja ni Alhamisi jua likishatua, na kwa mwingine ni Ijumaa usiku. Tofauti ya saa 24 nzima ndani ya maneno matatu. Kila "usiku wa..." kwenye masimulizi imewekewa alama ya swali hadi ithibitishwe, na kwenye kadi tunaandika "usiku wa kuamkia" peke yake. Mapinduzi ya Zanzibar: usiku wa kuamkia 12 Januari 1964, Jumapili. Tarehe za Hijria zinazogeuzwa na programu tunazipa nafasi ya kukosea siku moja mbele au nyuma, kwa sababu programu inapiga hesabu na mwezi ulionekana kwa macho.

Pili, masafa. Chombo cha Apollo 11 kilitua mwezini 20 Julai 1969 saa 20:17 kwa saa ya dunia, na Armstrong akakanyaga saa 02:56. Ongeza tatu. Kwa Dar es Salaam na Nairobi kutua ni saa 5:17 usiku wa tarehe 20, na kukanyaga ni saa 11:56 alfajiri ya tarehe 21. Marekani vyote viwili vilikuwa tarehe 20. Mwezini hakuna "mahali" palipo na kalenda yake, kwa hiyo kanuni yetu ikakwama. Uamuzi: kadi mbili, 0720 na 0721, na ya pili inauliza kwa nini vitabu vya Marekani vinasema 20.

Angalizo: saa tatu mbele ya Greenwich ni sahihi kwa 1969. Kwa miongo ya nyuma usiitumie kwa kukariri, kwa sababu Afrika Mashariki iliwahi kuishi na tofauti ya saa mbili na nusu, na baadaye saa mbili na dakika 45.

20 Oktoba ndiyo siku iliyotupa mavuno makubwa. Mwaka 1952 gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari Kenya, na ndiyo asili ya sikukuu ambayo sasa ni Mashujaa. Mwaka 1968, siku hiyo hiyo, kwenye Olimpiki ya Mexico City, Kipchoge Keino alichukua dhahabu ya mita 1500 kwa 3:34.91, na John Stephen Akhwari wa Tanzania akaingia uwanjani jioni, goti limefungwa bendeji, wa mwisho kati ya waliomaliza marathoni: nafasi ya 57, saa 3 dakika 25. Mexico City iko saa tisa nyuma yetu. Alipovuka mstari, Tanzania ilikuwa imeshaingia 21 Oktoba na alfajiri inakaribia. Kadi ni 1020, kwa kuwa uwanja ulikuwa Mexico, na nyuma tumeongeza: "Nyumbani ilikuwa tayari tarehe 21."

Wiki ya 5. Kadi 0827, kutoka rasimu ya kwanza hadi ya nne (kadi 153)

Kadi moja kwa wiki nzima, ya vita vya Uingereza na Zanzibar vya 1896, lakini ndiyo iliyotufundisha kuuliza.

Rasimu ya 1: "Vita vifupi kuliko vyote katika historia vilidumu dakika ngapi?" Kila mpenda chemshabongo analijua jibu, na kila mmoja ana lake: 38, 40, 45. Hakuna anayedanganya. Muda wa onyo la Waingereza uliisha saa 3:00 asubuhi, mizinga ikaanza saa 3:02. Bendera ya kasri ilishuka kama saa 3:40. Wengine wanafungia saa 3:45. Kutoka 3:02 hadi 3:40 ni 38, kutoka 3:00 ni 40, na 3:00 hadi 3:45 ni 45. Swali lenye majibu matatu ya kweli halifai.

Rasimu ya 2 iliweka machaguo manne, na hapo hapo matatu yakawa sahihi. Ikafutwa.

Rasimu ya 3: "Sultani Khalid alitorokaje?" Pana mno. Msomaji hana pa kushika.

Rasimu ya 4, inayochapwa:

"27 Agosti 1896. Kasri la Zanzibar limepigwa mizinga, na Khalid bin Barghash, aliyejitawalisha siku mbili tu zilizopita, amekimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani. Waingereza wanamsubiri nje. Aliondokaje bila kukanyaga hata hatua moja ya ardhi yao?"

Nyuma: "Kwa bahari. 2 Oktoba, maji yalipojaa, boti ya manowari ya Kijerumani Seeadler ilifika hadi geti la bustani ya ubalozi. Akatoka bustanini, akaingia botini, akapelekwa Dar es Salaam. Waingereza walimkamata huko 1916."

Neno "maji yalipojaa" lilipatikana kwa tabu. Kwenye rasimu lilikuwa "bamvua", yaani maji yanayojaa kupita kawaida, kwa sababu linapendeza na linaeleza kwa nini maji yafike hadi getini. Likakaguliwa kwa mwezi. Jua lilipatwa kabisa 9 Agosti 1896, na jua hupatwa mwezi mwandamo tu. Ongeza siku 29.53 mara mbili, unafika 7 Oktoba kwa mwandamo mwingine. Basi 2 Oktoba ni siku tano kabla ya mwandamo, mwezi ukiwa umepita robo ya mwisho, na hapo ni maji mafu, si bamvua. Maji yalijaa kwa kujaa kwake kwa kila siku. Bamvua likafutwa. Mvuvi yeyote wa Malindi au Nungwi angelikamata kosa hilo kwa kalamu ya kichwani, sisi ikatuchukua saa nzima.

Wiki ya 6. Kukagua siku ya wiki, na zilizotupwa (kadi 240)

Chanzo kikitaja siku ya wiki, kagua. Huhitaji programu. Katika mwaka wowote wa Gregori, 4/4, 6/6, 8/8, 10/10 na 12/12 huangukia siku moja ya wiki, na siku ya mwisho ya Februari huwa nazo. Kumbe Nane Nane ya Tanzania na 12 Desemba ya Kenya huwa siku moja ya wiki kila mwaka (hiyo nayo ikawa kadi, 0808). Kupata siku yenyewe: nanga, yaani siku ya kuanzia kuhesabu, ya miaka ya 1800 ni Ijumaa, ya 1900 ni Jumatano, ya 2000 ni Jumanne. Chukua tarakimu mbili za mwisho za mwaka, gawanya kwa 12. Jumlisha jibu, baki, na robo ya baki bila desimali. Kwa 1964: 64 kwa 12 ni 5, baki 4, robo yake 1, jumla 10, ukitoa 7 ni 3. Jumatano kwenda mbele tatu ni Jumamosi. Basi 4/4/1964 ni Jumamosi, na 26 Aprili, siku 22 baadaye, ni Jumapili. Muungano ulikuwa Jumapili, imekaa.

Zilizoanguka:

1110, Stanley kumkuta Livingstone Ujiji. Tarehe maarufu ni 10 Novemba 1871, na imetoka kwa Stanley mwenyewe, ambaye homa zilimpotezea hesabu ya siku. Shajara ya Livingstone inaiweka mwishoni mwa Oktoba. Mashahidi wawili waliokuwapo, na wanapishana zaidi ya wiki. Ni C.

0501, kifo cha Livingstone, 1873. Vitabu vinasema 1 Mei, lakini mti uliochongwa pale alipofia uliandikwa 4 Mei. C tena. Livingstone ni mzigo.

1111 ilibadilishwa badala ya kutupwa. Vita Kuu ya Kwanza iliisha Ulaya 11 Novemba 1918, lakini jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck lilikuwa bado linapigana kaskazini mwa Zambia ya leo. Habari ilimfikia baadaye. Makubaliano ya kusimamisha mapigano ni ya 14 Novemba kwenye Mto Chambeshi, na silaha ziliwekwa chini Abercorn, ndiyo Mbala, 25 Novemba. Tulichagua 1125, kwa kuwa ni tendo rasmi lenye mahali na siku.

0205 ilitaka uangalifu. Azimio la Arusha hutajwa kwa 5 Februari 1967, siku lilipotangazwa. Halmashauri Kuu ya TANU ilikuwa imelipitisha mwishoni mwa Januari. Swali lisitumie neno "lilipitishwa". Miaka kumi kabla, 5 Februari 1957, ASP ilizaliwa, na miaka kumi baada, 5 Februari 1977, CCM. Ile ya tatu haikuwa bahati, ilipangwa.

Maafa hayawi fumbo. MV Bukoba (21 Mei 1996) na mabomu ya Nairobi na Dar es Salaam (7 Agosti 1998) yana kadi za kumbukumbu zisizo na swali, maandishi upande mmoja tu.

Wiki ya 7. Machaguo ya mtego (kadi 311)

Kwa swali lenye machaguo, yote yawe ya jamaa moja na yasipishane sana kwa urefu; jibu refu kuliko mengine hujifichua. 1212: "Setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei za angani ilirushwa 12 Desemba 1970 kutoka wapi?" Florida, Baikonur, Kourou, au baharini karibu na Malindi. Ni Malindi, kwenye jukwaa la Waitaliano la San Marco, na kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikaitwa Uhuru. Ukiitaja kwa jina kwenye swali umelimaliza, kwa hiyo jina linakaa nyuma.

Maswali ya "nani wa kwanza" tumeyapunguza. Mara nyingi wa pili ana kituko zaidi. 0202: Filbert Bayi, Christchurch, 1974, mita 1500 kwa 3:32.16, rekodi ya dunia. Swali linamhusu John Walker aliyefika wa pili kwa 3:32.52: rekodi aliyoikuta asubuhi ilikuwa 3:33.1, kwa hiyo naye aliipita, akashindwa.

Urefu wa swali: maneno 40 mwisho. Yakizidi, msomaji anayesoma kwa sauti hupotea katikati.

Wiki ya 8 na 9. Kuchapa (kadi 360)

Ukubwa ni A7 ya kulala, milimita 105 kwa 74. Karatasi ya A4 inatoa nane, safu mbili kwa mistari minne. Kadi 366 zinahitaji karatasi 46 na nafasi mbili zinabaki. Moja ni ya maelekezo, ya pili ya masahihisho.

Kosa ambalo kila mtu hulifanya: upande wa nyuma. Printa ikigeuza karatasi kwa ukingo mrefu, kushoto huwa kulia. Ukipanga majibu kwa mpangilio ule ule wa maswali, swali la Bayi linapata jibu la jirani yake. Badilisha safu mbili za nyuma zipishane, kushoto kwenda kulia, bila kugusa mistari. Andika ufunguo wa kadi pande zote mbili, ili kosa likitokea lionekane kabla ya kukata. Jaribu karatasi moja nyepesi kwanza na uishike kwenye mwanga.

Karatasi ya gramu 200 inapita printa nyingi za ofisi kupitia trei ya pembeni. Gramu 250 ilikwama ikigeuzwa, ikabidi tuchape mbele zote kwanza, kisha nyuma kwa mkono. Ukifanya hivyo, chapa kumi kumi. Karatasi mbili zikivutwa kwa pamoja, majibu yote yanayofuata yanahama.

Kadi sita zilizobaki: nne ni siku tupu kabisa. Ya tano ni 1010, ambayo swali lake linahusu sikukuu ya Kenya iliyoitwa Moi, kisha Huduma, kisha Utamaduni, na sasa Mazingira. Limeandikwa upya ili liulize majina ya zamani, ambayo hayatabadilika. Ya sita ni 1216. Swali: ni nchi gani iliingia Umoja wa Mataifa siku moja na Kenya, 16 Desemba 1963, na haikumaliza hata miezi mitano kama mwanachama peke yake? Jibu ni Zanzibar. Lina A pande zote. Linasubiri tu mtu wa kulipunguza maneno sita.